Mzee Valens na fedha za kanisa: tuusome waraka wa Polikarpo palepale ulipopokelewa

Bwana Yesu asifiwe.

Wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, mashemasi, akina mama na vijana mliofika, nawasalimu nyote. Mmeniomba nizungumzie namna ya kusoma waraka wa kichungaji wa kanisa la mwanzo kwa kuzingatia mahali na wakati ulipoandikwa. Najua wengi mlitazamia nifungue Timotheo au Tito. Leo nitafungua waraka mwingine, usiomo katika Biblia zetu lakini uliosomwa kwa heshima makanisani kwa mamia ya miaka. Ni waraka ambao Polikarpo, askofu wa Smirna, aliwaandikia Wakristo wa Filipi mwanzoni mwa karne ya 2. Una sura 14 fupi, na msomaji wa sauti anaumaliza kwa muda usiofika nusu saa. Nimeuchagua kwa ajili ya sura yake ya 11, inayomtaja kwa jina mzee wa kanisa aliyeangushwa na fedha. Anaitwa Valens.

Nadhani kila mmoja humu ndani ana usharika anaoufikiria sasa hivi. Nami ninao. Lakini nawasihi tuuweke kando kwa muda, kwa sababu tukiichukua sura ya 11 na kuipeleka moja kwa moja kwenye kikao cha baraza la wazee, tutaufanya waraka useme yale tuliyokwisha kuyaamua. Mwenye hasira ataona ameruhusiwa kufukuza. Anayetaka yaishe kimyakimya ataona ameruhusiwa kufunika. Nimesikia mistari ya Biblia kuhusu fedha ikitumiwa kwa namna zote mbili, na mara zote mbili kanisa liliumia.

Basi twende Filipi.

Mji huo ulikuwa Makedonia, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Ugiriki, kilomita kama 15 kutoka bandari ya Neapoli, ambayo siku hizi inaitwa Kavala. Magofu yake yapo hadi leo karibu na kijiji cha Krinides, na mwaka 2016 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Filipo wa Pili, baba yake Aleksanda Mkuu, aliutwaa mwaka 356 KK akaupa jina lake. Kilichomvuta ni dhahabu ya milima ya jirani. Mwaka 42 KK, kwenye uwanda ulio chini ya mji, Antoni na Oktaviani waliwashinda Bruto na Kasio, wale waliomuua Julius Caesar, kisha wakawagawia askari wao wastaafu mashamba hapo. Tangu siku hizo Filipi ikawa koloni la Kirumi, lenye sheria za Kirumi na maandishi ya Kilatini kwenye mawe yake. Katika Matendo 16, wenye mji wanamshitaki Paulo na Sila kwamba wanaleta desturi ambazo Warumi hawaruhusiwi kuzipokea. Unasikia fahari ya watu hao. Na katikati ya mji ilipita barabara kuu ya Egnatia, iliyotoka pwani ya Adria kwenda mashariki. Wafanyabiashara, askari, wajumbe na wafungwa, wote walipita hapo.

Kuhusu kanisa lenyewe, jambo moja tulishike kwa nguvu. Kanisa la Filipi lilijulikana kwa utoaji. Paulo anawakumbusha katika Wafilipi 4 kwamba alipotoka Makedonia hakuna kanisa lingine lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea ila wao peke yao, na kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimletea msaada, wala si mara moja. Katika 2 Wakorintho 8 anawasifu Wakristo wa Makedonia kwamba walitoa katika umaskini wao mkuu, kupita uwezo wao, tena wakisihi waruhusiwe kutoa. Hao ndio babu na bibi za watu tunaowasoma leo. Sadaka ilikuwa sehemu ya jina lao. Na ni katika kanisa hilo, miaka kama sitini baada ya Paulo, mzee mmoja anaanguka kwa ajili ya fedha. Ukiijua historia hii, sura ya 11 haikupiti tena kama onyo la kawaida. Unasikia uchungu wa watu walioguswa mahali walipokuwa wema kuliko wengine.

Sasa turudi kwenye ile barabara, maana bila hiyo waraka huu usingekuwepo.

Wakati wa Kaisari Trayano, aliyetawala kuanzia mwaka 98 hadi 117, askofu Ignasi wa Antiokia alikamatwa Siria akawa anapelekwa Roma kutupwa kwa wanyama wakali. Alilindwa na askari kumi, ambao katika barua yake kwa Warumi anawaita chui kumi. Anasema kila walipotendewa wema walizidi kuwa wabaya. Msafara ulitua Smirna, mji wa pwani ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, na huko Ignasi akakutana na Polikarpo. Kutoka hapo wakampeleka Troa. Akiwa Troa alimwandikia Polikarpo barua ya peke yake, ambayo tunayo hadi leo. Kisha, ghafla, wakavushwa kwa bahari hadi Neapoli, na mtu anayetoka Neapoli kuelekea Roma hupitia Filipi.

Wafilipi waliwapokea wafungwa wale. Polikarpo anaanza waraka kwa kuwashukuru kwa hilo: anafurahi kwamba waliwasindikiza watu waliofungwa minyororo, na anaiita minyororo hiyo mataji ya wateule wa kweli wa Mungu. Hebu tufikiri maana ya kumsindikiza hadharani, katika koloni lenye fahari ya Kirumi, mtu ambaye dola imekwisha kumhukumu. Lilikuwa tendo la ujasiri. Kanisa lenye mzee aliyeanguka lilikuwa ndilo kanisa lenye ujasiri huo, na mambo yote mawili yako katika waraka mmoja. Mimi naona hapo ndipo wengi wetu hushindwa: tukilipenda kanisa tunakana doa lake, na tukiliona doa tunasahau kila jema.

Baada ya wafungwa kupita, Wafilipi walimwandikia Polikarpo. Waliomba barua yao ifikishwe Siria. Waliomba nakala za barua za Ignasi, na Polikarpo akawatumia alizokuwa nazo. Huenda bila ombi hilo zingine zisingetufikia. Na waliomba kitu cha tatu. Katika sura ya 3 Polikarpo anasema hivi, kwa maneno yangu: ndugu, ninawaandikia mambo haya kuhusu haki, si kwamba nimejitwalia mwenyewe, bali kwa sababu ninyi mlitangulia kuniomba.

Kwa nini waombe mafundisho kuhusu haki? Kwa muda mrefu wasomi wengi waliuona waraka huu kama shada la maonyo ya jumla, yaliyookotwa huku na huko katika nyaraka za Paulo, Petro na Klementi wa Roma, na Valens wakamchukulia kama jambo la pembeni lililotokea mwishoni. Mimi ninakubaliana na wale wanaoona vingine: kwamba ombi la haki lilitokana na msiba wa Valens. Pitieni waraka kwa kalamu mkononi muone. Sura ya 2 inaonya dhidi ya tamaa na kupenda fedha. Sura ya 4 inaanza kwa kusema kwamba mwanzo wa taabu zote ni kupenda fedha, na kwamba hatukuleta kitu duniani wala hatutaondoka na kitu. Mnaisikia 1 Timotheo 6 hapo. Baadaye katika sura hiyohiyo wajane wanaambiwa wakae mbali na kupenda fedha. Sura ya 5, mashemasi. Sura ya 6, wazee. Polikarpo analizunguka jambo taratibu, kundi baada ya kundi, na jina la mtu halitajwi mpaka kila aliyemo kanisani amekwisha kuambiwa kwamba onyo hili ni lake pia. Valens anapotajwa katika sura ya 11, hakuna msikilizaji aliyebaki pembeni kama mtazamaji.

Huo ni uchungaji wa hali ya juu, na ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa mzee wa miaka. Sisi tunamjua Polikarpo mwenye mvi, yule aliyechomwa moto Smirna mwaka 155 au 156 hivi, aliyemwambia liwali kwamba amemtumikia Kristo miaka 86 na Kristo hakumtendea ubaya wowote. Ukihesabu kurudi nyuma, mwandishi wa waraka huu alikuwa na miaka arobaini hivi. Na hakujipandisha. Anaanza kwa kusema "Polikarpo na wazee walio pamoja naye", wala hajiiti askofu. Anakiri kwamba yeye wala mwingine kama yeye hawezi kuifikia hekima ya Paulo. Hakuwa na mamlaka juu ya Filipi. Aliombwa ushauri na kanisa la ng'ambo ya bahari, naye akashauri.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo huwezi kuliona kama husomi waraka huu pamoja na barua ya Ignasi kwa Polikarpo, ile ya Troa. Ignasi, akiwa kwenye minyororo, anamfundisha Polikarpo kazi ya uaskofu. Anamwambia asimame imara kama fuawe inayopigwa. Anamwambia wajane wasisahauliwe, na kwamba baada ya Bwana yeye awe mlezi wao. Anamwambia pia kwamba watumwa wasitamani kukombolewa kwa fedha za mfuko wa pamoja, neno gumu kwetu kulisikia, lakini linatuonyesha kwamba tayari kulikuwa na mfuko wa pamoja. Kisha anasema maneno haya, nayaeleza kwa Kiswahili changu: ukiwapenda wanafunzi wema tu, huna cha kusifiwa, wale wasumbufu hasa ndio uwatiishe kwa upole. Si kila kidonda hupona kwa dawa ileile.

Muda si mrefu baadaye Polikarpo analetewa kidonda cha Filipi.

Kabla hatujasoma alivyokitibu, niwaeleze namna sura hiyo ilivyotufikia, kwa kuwa anayesoma maandiko ya kale lazima aijue karatasi aliyoishika. Kigiriki cha waraka huu hakikubaki chote. Nakala za Kigiriki tulizonazo zote zina kasoro moja: zinafika sura ya 9, sentensi inakatika, na bila alama yoyote maneno yanaendelea na waraka mwingine kabisa, ule uitwao wa Barnaba. Ni wazi kwamba nakala moja ya zamani ilipoteza kurasa, na wanakili waliofuata wakanakili pengo bila kujua. Sura zinazobaki tunazo kwa tafsiri ya kale ya Kilatini, isipokuwa sehemu kubwa ya sura ya 13 ambayo Eusebio aliinukuu kwa Kigiriki katika historia yake ya kanisa. Kwa hiyo sura yote ya Valens inatufikia kwa Kilatini tu.

Kuna pia mjadala wa sura ya 13. Katika sura ya 9 Polikarpo anamtaja Ignasi kati ya wale waliokwisha kwenda mahali pao kwa Bwana. Katika sura ya 13 anaomba habari za uhakika za Ignasi na wenzake. Mwaka 1936 msomi Mwingereza P. N. Harrison alitoa hoja kwamba hizi ni barua mbili zilizounganishwa, moja ya haraka na nyingine ya miaka mingi baadaye. Hoja yake ina uzito, na wengi waliifuata. Mimi bado nasoma waraka mmoja: mtu aliyepelekwa kwa wanyama, Polikarpo angeweza kumhesabu kuwa amekwisha kufika kwa Bwana hata kabla hajasikia habari kamili za siku zake za mwisho. Kwa habari ya Valens, mjadala huu haubadilishi mengi. Vyovyote iwavyo, barua ya Ignasi kuhusu vidonda na dawa ilikwisha kuwa mikononi mwa Polikarpo.

Sasa sura ya 6. Wazee, anasema, wawe na huruma, wenye rehema kwa wote, wakiwarudisha waliopotea, wakiwatembelea wagonjwa wote, wasimsahau mjane wala yatima wala maskini. Wajiepushe na hasira zote, upendeleo, na hukumu isiyo ya haki. Wawe mbali na kupenda fedha kwa kila namna. Na kisha: wasiwe wepesi wa kuamini neno baya juu ya mtu, wala wasiwe wakali katika hukumu, wakijua kwamba sisi sote ni wadeni wa dhambi.

Angalieni alivyopanga. Katika pumzi moja mzee anaambiwa asiguse fedha kwa tamaa, na asiwe mwepesi wa kumhukumu anayeshutumiwa. Mtu aliyesoma sura hii peke yake angeona orodha ya sifa njema tu. Lakini hawa ni wazee waliobaki Filipi, wenzake Valens, walioketi naye kiti kimoja, na ambao sasa wanatakiwa kumhukumu. Polikarpo anazungumza nao. Anajua kwamba kwenye kesi kama hiyo kuna atakayemtetea kwa sababu ni rafiki, na kuna atakayemkandamiza ili yeye aonekane safi. Ndiyo sababu upendeleo na ukali vimekatazwa pamoja.

Halafu sura ya 11. "Nimehuzunika sana," anasema, "kwa ajili ya Valens, aliyewahi kufanywa mzee kwenu, kwamba hakuijua nafasi aliyopewa." Anawaonya wajiepushe na tamaa ya mali, wawe safi na wa kweli. Anauliza: mtu asiyeweza kujitawala katika mambo haya, atawezaje kumhubiria mwingine? Anasema asiyeikimbia tamaa ya mali atatiwa unajisi na ibada ya sanamu, atahesabiwa kama mmoja wa mataifa. Neno hilo lilikuwa kali mno katika mji ule. Juu ya mlima wa Filipi miamba imechongwa sanamu nyingi za Diana, mungu wa kike wa Warumi, na hadi leo zinaonekana. Wakristo wa huko waliacha ibada hizo kwa gharama ya kweli: urafiki, kazi, pengine jamaa zao. Kuambiwa kwamba mpenda fedha amerudi kulekule walikotoka lilikuwa jambo la kutetemesha.

Tusifikirie basi kwamba huruma ya Polikarpo ilikuwa ulegevu. Dhambi ameitaja kwa jina lake na mtu amemtaja kwa jina lake, katika waraka uliosomwa kwa sauti mbele ya kanisa zima, watumwa na wajane na watoto wakisikia. Hakuna aliyebaki akijiuliza kama kweli jambo lilitokea.

Lakini kiasi hakutaji, wala namna fedha zilivyochukuliwa, wala nani aligundua. Waliohitaji kujua walikuwa wanajua. Masikio ya wengine hayakulishwa.

Kisha yanakuja maneno ambayo kwangu ni moyo wa waraka. "Kwa hiyo, ndugu, ninahuzunika sana kwa ajili yake na mke wake; Bwana awajalie toba ya kweli. Nanyi pia muwe na kiasi katika jambo hili, wala msiwahesabu watu hao kuwa maadui, bali warudisheni kama viungo vinavyougua na kupotea, ili mwili wenu wote upate kuokoka."

"Msiwahesabu kuwa maadui": hayo ni maneno ya Paulo katika 2 Wathesalonike 3, kwa kanisa la jirani kwenye barabara ileile ya Egnatia. Polikarpo anawakumbusha Wamakedonia neno ambalo mtume aliliacha kwa Wamakedonia. Na fikirieni ambacho angeweza kukitumia badala yake. Mume na mke, fedha ya kanisa, udanganyifu: Anania na Safira wako pale katika Matendo 5. Polikarpo hawataji. Aliyeambiwa na Ignasi kwamba si kila kidonda hupona kwa dawa ileile alichagua dawa.

Sentensi inayofuata, mwanzoni mwa sura ya 12, wengi huiruka. Baada tu ya Valens anawakumbusha Maandiko: mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Kwa nini aseme hivyo mahali hapo? Kwa sababu Filipi kulikuwa na hasira. Watu waliotoa katika umaskini wamegundua alichofanya mzee wao, na wamekasirika, na Polikarpo haiiti hasira hiyo dhambi. Anaiwekea mpaka wa machweo. Mimi nashukuru kwa mstari huu. Unampa mjane aliyetoa sadaka yake ruhusa ya kuumia, kabla hajaombwa kumrudisha ndugu.

Sadaka zenyewe zilikwenda wapi siku hizo? Yustino, mwalimu Mkristo, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza: wenye uwezo na wenye nia hutoa kila mmoja apendavyo, kinachokusanywa huwekwa kwa msimamizi wa ibada, naye huwasaidia yatima na wajane, wagonjwa, waliofungwa na wageni walio safarini. Kanisa halikuwa na jengo la kujenga wala gari la kununua. Walikusanyika nyumbani kwa mtu. Aliyechukua kutoka mfuko huo alichukua mkate wa mjane na chakula cha mfungwa. Ukiweka orodha ya Yustino kando ya sura ya 6 ya Polikarpo, mgonjwa, mjane, yatima, maskini, utaona kwamba mzee alikuwa anakabidhiwa watu pamoja na fedha zao.

Na kulikuwa na macho ya nje. Karibu na miaka hiyohiyo, mwaka 112 hivi, Plinio, liwali wa Bithinia na Ponto, ng'ambo ya kaskazini ya nchi alikokuwa Polikarpo, alimwandikia Trayano kuhusu Wakristo aliowahoji. Aliwaua waliokataa kumkana Kristo. Aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa. Na wale waliokuwa wameiacha imani walimweleza hivi: walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, wakaapa kutokuiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana amana wanapodaiwa waitoe. Amana! Liwali mpagani anaiweka kwenye barua ya kiserikali kwa Kaisari: watu hawa huapa kurudisha kilichowekwa kwao. Hapo unaelewa kwa nini sura ya 10 ya Polikarpo, kabla tu ya Valens, inasema ole wake mtu ambaye kwa ajili yake jina la Bwana linatukanwa. Kanisa lisilo na sheria ya kulilinda wala rafiki ikulu lilikuwa na uaminifu wake tu wa kujitetea nao.

Linabaki swali ambalo najua mtaniuliza, basi nilijibu sasa. Je, Valens alirudishiwa kiti chake? Waraka unasema "aliyewahi kufanywa mzee". Unaagiza arudishwe kama kiungo cha mwili. Kuhusu kurudi kwenye uzee hausemi neno. Nadhani ukimya huo tuuheshimu. Klementi, katika waraka ulioandikwa kutoka Roma karibu na mwaka 96, alilitetea kundi la wazee wa Korintho walioondolewa bila kosa, na huko alisema wazi kwamba kuwaondoa watu waliotumika bila lawama ni dhambi isiyo ndogo. Polikarpo aliujua waraka huo. Mwangwi wake umejaa katika wa kwake. Lakini hoja ya Klementi kuhusu kiti cha mzee hakuileta Filipi, kwa sababu kesi ilikuwa nyingine. Kumrudisha mtu mezani na kumrudishia ufunguo wa sanduku ni mambo mawili, na tukiyachanganya tunawaumiza wote: aliyetubu tunamrudisha majaribuni, na waliotoa tunawadharau.

Waraka huu ulibebwa na mtu aitwaye Kreskensi, ambaye Polikarpo anamsifu mwishoni, akiomba pia dada yake apokewe vema atakapofika. Ireneo wa Lyon, aliyemsikia Polikarpo kwa masikio yake akiwa kijana, aliuita waraka wenye nguvu sana. Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, karibu na mwaka 392, anasema ulikuwa bado unasomwa katika kusanyiko la Asia hadi siku zake. Kwa karibu miaka mia tatu, basi, makanisa yaliendelea kusikia kwa sauti jina la mzee aliyeanguka, na mara baada ya jina, sala ya kuomba atubu, yeye na mke wake.

Nakala za sura ya 6, 10, 11 na 12 mmegawiwa. Ninaomba mketi katika makundi, wazee pamoja na vijana na wale wanaotunza vitabu vya hesabu, wala msikae kwa vyeo. Msome kwa sauti, sura zote nne bila kusimama. Kisha kila kundi lijibu swali moja kabla ya mengine yote: kama mngekuwa Filipi jioni ile Kreskensi alipomaliza kusoma, ni nani angekwenda kubisha hodi kwa Valens, na angekwenda na nani?

Asanteni sana kwa kunisikiliza.